Fundi, Mchoro na Kadi ya Sauti: Historia ya Ufundi wa Sauti Songea

Kompyuta iliyokuwa ikipiga muziki bila tatizo chini ya Windows, kisha ikakaa kimya baada ya kuwekewa Linux, kwa kawaida haina kasoro yoyote katika vifaa vyake. Spika ni nzima, waya ni nzima, na kadi ya sauti, yaani sehemu ya kompyuta inayogeuza tarakimu zilizohifadhiwa katika faili kuwa mkondo wa umeme unaotikisa spika, iko mahali pake ikisubiri kuamrishwa. Kilichopungua ni maarifa: mfumo mpya haujui kadi hiyo ni ya aina gani, ina njia ngapi za kutolea sauti, wala ni njia ipi kati ya hizo iliyounganishwa na spika. Kwa hiyo historia ya ukimya wa namna hii ni historia ya maarifa ya ndani ya mashine, nani aliyashika, nani aliyanyimwa, na yalimfikiaje fundi aliyeko mbali na kiwanda. Na mji wa Songea unafaa sana kwa kuifuatilia historia hiyo, kwa kuwa umbali wake umefanya kila hatua ya safari ya maarifa hayo ionekane waziwazi.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma kusini mwa Tanzania, iko karibu kilomita 950 za barabara kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Iringa na Makambako. Reli haijafika huko; ile ya TAZARA, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, inapita Makambako, takribani kilomita 300 kabla ya mji, na barabara ya lami kutoka Makambako ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Umeme wa mji ulitoka kwa miongo mingi katika mitambo ya dizeli ya TANESCO, nafuu ikaanza kuonekana mwaka 2015, Masista Wabenediktini wa Chipole walipoanza kuzalisha megawati 5 kutokana na maji ya Mto Ruvuma huko Tulila, na mwaka 2018 mji ukaunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 inayotoka Makambako kupitia Madaba. Kifaa cha kielektroniki kilichoharibika Songea kabla ya hapo kiliharibika mbali na duka la spea na karibu na umeme usiotabirika, na mwenye kifaa alikuwa na kila sababu ya kumtafuta fundi kabla hajafikiria kununua kingine.

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichojulikana kama Sauti ya Dar es Salaam, ukapanuliwa mwaka 1956 kuwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ukawekwa moja kwa moja chini ya serikali kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wa Ungoni, nchi inayouzunguka mji wa Songea, aliyekuwa karibu kilomita 600 kutoka studio kwa mstari ulionyooka, njia ya kutegemewa ilikuwa masafa mafupi, yaani mawimbi ambayo hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga na hivyo kusafiri mbali, ingawa sauti yake hufifia na kurudi kwa zamu. Redio za awali zilikuwa za vali, mirija ya kioo yenye waya unaopashwa moto, na zilikula umeme kiasi kwamba mahali pasipo na nyaya za umeme zilihitaji betri kubwa na ghali. Katika nchi jirani ya Rhodesia ya Kaskazini, redio ya bei nafuu iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 na kupewa jina la utani la sufuria kutokana na umbo lake ilikuwa pauni 5, na betri yake peke yake ilikuwa pauni 1 na shilingi 5, ikidumu saa 300 hivi; kwa kibarua wa wakati ule hata hiyo nafuu ilikuwa mzigo.

Mzigo huo uliondolewa na transista, kipande kidogo kinachofanya kazi ya vali bila kupashwa moto, kilichobuniwa mwaka 1947 katika Maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, maabara ambayo itarejea katika maelezo haya kwa sababu nyingine kabisa. Katika miaka ya 1960 redio ya transista, inayotosheka na betri za kawaida za tochi, iliingia vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya taifa ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2, iliendeshwa kwa vikundi vilivyokaa kuizunguka redio kwa saa maalumu. Redio moja ikifa, darasa zima lilikosa somo. Betri zilipochoka zilianikwa juani ili zitoe nguvu kidogo ya mwisho, na redio yenyewe ilipochoka ilipelekwa kwa fundi.

Fundi redio alifanya kazi kwa kuifuata njia ya sauti kinyumenyume. Redio ni mfululizo wa hatua: antena hunasa mawimbi, hatua inayofuata huchagua kituo, nyingine hutenganisha sauti na wimbi lililoibeba, nyingine huikuza, na mwisho ni spika. Redio iliponyamaza, fundi alianzia mwishoni kwa kugusisha nyaya za spika kwenye betri moja ya tochi. Ikitoa mlio mfupi, alijua kwamba spika ni nzima na akapanda hatua moja. Kisha alishika chuma cha bisibisi kwa kidole na kugusa kwa ncha yake mguu wa kati wa volyumu, kwa kuwa mwili wa binadamu hubeba mngurumo hafifu wa umeme uliopo hewani, na spika ikikoroma au hata kukwaruza tu, sehemu yote kuanzia volyumu hadi spika ilikuwa hai, na ugonjwa ulikuwa nyuma yake. Aliendelea hivyo hadi alipofika mahali ambapo mguso wake haukujibiwa, na hapo tu ndipo alipochukua mita na pasi ya kulehemu. Aliyeanza kubadilisha vipande kabla ya kujua sauti imekatikia wapi alihesabiwa kuwa bado ni mwanafunzi.

Njia hiyo ilidai jambo moja, nalo ni fundi kujua hatua za redio zimepangwaje, na habari hiyo haikufichwa. Redio nyingi za vali zilibandikwa mchoro wa saketi ndani ya kasha lake, na makampuni kama Philips, ambayo redio zake ziliunganishwa pia katika kiwanda cha Arusha, yalichapisha vitabu vya mafundi vilivyoonyesha thamani ya kila kapasita na volti iliyotarajiwa katika kila mguu wa transista. Hata asiyekuwa na kitabu aliweza kuusoma ubao kwa macho, kwa sababu njia zake za shaba zilionekana na redio ya kampuni moja haikuachana sana na ya nyingine. Mkoa wenyewe ulikuwa na mila ya karakana tangu Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, magharibi mwa Songea, wakajenga huko shule ya ufundi na kiwanda cha uchapaji, lakini ufundi redio ulienea zaidi kwa njia ya kibandani, kijana akikaa na fundi mkubwa mpaka mkono wake ukazoea. Mwaka 1996 Songea iliingia pia katika orodha ya miji inayorusha matangazo, Radio Maria Tanzania ilipoanza kazi hapo kabla ya kuhamishia makao yake Dar es Salaam.

Kompyuta ilichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa na sababu za kisera. Mwaka 1974, baada ya uzoefu mbaya wa kuweka hesabu za serikali katika kompyuta, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo bila kibali. Masharti yalilegezwa katika miaka ya 1980, ushuru ukaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Sera ya Taifa ya TEHAMA ikapitishwa mwaka 2003. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha kadi za sauti kilipita bila mikoa ya pembezoni kukiona sana, jambo la kusikitisha kidogo kwa mwanahistoria wa ufundi, maana kizazi hicho kilikuwa bado na tabia za redio. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio tu, na sauti ya kweli ilikuja kwa kadi za kuchomeka: AdLib ya Kanada mwaka 1987, kisha Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989. Mwenye Sound Blaster alipaswa kujua namba tatu, yaani anwani ambayo kwayo prosesa huipata kadi, kwa kawaida 220; namba ya ukatizaji, ambayo kadi huitumia kuiita prosesa iihudumie, aghalabu 5 au 7; na njia ya kupelekea data moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, mara nyingi 1. Namba hizo zilipangwa kwa vibanio vidogo vilivyoonekana juu ya kadi na ziliandikwa katika kijitabu chake, na vifaa viwili vilipogombea namba moja, kadi ilinyamaza na fundi aliweza kueleza kwa nini.

Mambo yaligeuka mwaka 1997, Intel ilipotoa kanuni iliyoitwa AC'97, ambayo iliihamisha sauti kutoka kadi ya kuchomeka hadi katika ubao mkuu wa kompyuta. Kazi ya kugeuza tarakimu kuwa umeme iliachiwa kichipu cha bei ndogo kiitwacho kodeki, na kazi nyingine zote zikafanywa na programu ndogo inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa, yaani kiendeshi, au drayva kama mafundi wa Tanzania wanavyoiita. Bei ilishuka na kila kompyuta ikapata sauti, lakini maarifa yaliyokuwa katika vibanio na vijitabu yakaingia ndani ya drayva iliyoandikwa na mtengenezaji kwa ajili ya Windows na kuwekwa katika diski, imefungwa, haisomeki kwa mtu. Katika ufundi wa mitaani ilizuka desturi ya kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, kisha kumalizia kwa drayva zilizokusanywa kwa maelfu katika diski moja au flashi. Dawa ilikuwa moja kwa magonjwa yote, na ilifanya kazi mara nyingi kiasi kwamba swali la sauti imekatikia wapi halikuulizwa tena. Haifai kumlaumu fundi kwa hilo, kwani mtu hawezi kuusoma mchoro ambao hajapewa, na mteja aliyekuja na kompyuta ya kibanda cha kuchoma CD au cha kuingizia nyimbo kwenye memori kadi alitaka sauti irudi kabla ya jioni.

Hapa ndipo Maabara ya Bell inaporejea. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakiwa watafiti katika maabara hiyo iliyozaa transista, walianza kuandika mfumo endeshi ulioitwa Unix, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na programu nyingine zote. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano ya simu, na kwa sababu hiyo Unix haikuuzwa kama bidhaa ya kawaida; ilipelekwa vyuoni kwa ada ndogo pamoja na matini yake chanzo, maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Miaka ya 1980 desturi hiyo ilipoanza kufungwa, Richard Stallman alitangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuandika mfumo wa aina ya Unix utakaobaki wazi, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux. Kwa fundi maana yake ni kwamba mchoro ulirudi ndani ya kasha, ingawa ulirudi ukiwa na mapengo, kwa sababu watengenezaji wengi wa vichipu vya sauti hawakutoa maelezo yao na waandishi wa Linux walilazimika kuyapata kwa kupekua vifaa wenyewe.

Tanzania ilishiriki katika harakati hizo kwa upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden chini ya mradi wa Kilinux, kilipotoa mwishoni mwa 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili inayotumika katika Linux na Windows. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mkusanyo wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao diski zake zilitumwa kwa posta bila malipo popote duniani hadi mwaka 2011. Umuhimu wa diski hiyo kwa mji kama Songea hauhitaji kukuzwa: mkongo wa baharini wa kwanza wa intaneti, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kusambazwa mikoani baada ya hapo, hivyo kupakua megabaiti 700 kabla ya wakati huo kulikuwa kazi ya siku nzima na gharama isiyo na sababu. Waliohamia Linux walikuwa na sababu zinazoeleweka: virusi vilivyosambazwa na flashi, mashine za mitumba zilizozidiwa na matoleo mapya ya Windows, na leseni ambayo wengi hawakuwa nayo.

Aliyehama alikutana na ukimya, na ukimya huo ulikuwa na tabaka nne zilizowekwa katika miaka tofauti. Tabaka la kwanza liliandikwa na Hannu Savolainen wa Finland kuanzia mwaka 1992 kwa ajili ya Sound Blaster, likajulikana kama OSS. Lilionyesha kadi kama faili iitwayo /dev/dsp, kwa desturi ya Unix ya kufanya kila kifaa kiwe faili, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwamba katika kadi nyingi programu moja ikishaifungua faili hiyo, nyingine huambiwa kifaa kina shughuli. FreeBSD, ndugu mwingine katika ukoo wa Unix, imebaki na muundo wa namna ya OSS hadi leo na imeuboresha vizuri. Linux ilichukua njia nyingine: Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Cheki alianza mwaka 1998 kazi iliyozaa tabaka la pili, ALSA, mkusanyiko wa viendeshi ulioingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2002 na kufika kwa watumiaji wa kawaida katika toleo la 2.6 la Desemba 2003.

ALSA ilikuja na tabia moja iliyowasumbua wageni kuliko hitilafu zote za kweli, nayo ni kuifungua kadi ikiwa imezibwa. Kadi ilitambuliwa, drayva ilikuwa sahihi, muziki ulionekana ukisonga mbele katika kioo, na hakukuwa na sauti, kwa sababu kila mfereji ulianzia sifuri kwa makusudi, kwa hoja kwamba mlipuko wa ghafla wa sauti ungeweza kuumiza spika au masikio. Dawa yake ilikuwa programu ya alsamixer, inayochora mifereji ya kadi kama nguzo zilizosimama katika kioo cheusi. Chini ya nguzo iliyozibwa huandikwa MM, na kitufe cha M kikibonyezwa herufi hizo hugeuka kuwa 00 na mfereji hufunguka. Mifereji ni mingi, Master, PCM, Speaker, Headphone, na kila mmoja una kizibo chake, kwa hiyo aliyefungua Master na kuisahau PCM alibaki pale pale. Upo pia mfereji uitwao Auto-Mute Mode, unaozima spika kila kadi inapodhani kwamba vipokea sauti vya masikioni vimechomekwa, na tundu likichakaa au kuingia vumbi kadi hudhani hivyo mchana kutwa.

Tabaka la tatu lilizaliwa kutokana na haja ya programu nyingi kutumia kadi moja kwa wakati mmoja. Baada ya majaribio kadhaa ya miaka ya 1990, Lennart Poettering wa Ujerumani alitoa mwaka 2004 seva ya sauti, yaani programu inayopokea sauti kutoka kwa programu zote na kuzichanganya kabla ya kuzikabidhi kwa ALSA, ambayo baadaye ilipewa jina la PulseAudio. Fedora, mkusanyo mwingine wa Linux, iliiweka kama seva ya kawaida mwezi Novemba 2007 na Ubuntu mwezi Aprili 2008, mapema mno kwa maoni ya wengi, kwa kuwa ilitumia uwezo wa viendeshi ambao haukuwa umewahi kujaribiwa na hivyo kufichua makosa yaliyolala humo kwa miaka. Fundi aliyekuwa na tabaka mbili za kukagua alikuwa sasa na tatu. La nne, PipeWire ya Wim Taymans, lilichukua nafasi ya PulseAudio katika Fedora mwezi Aprili 2021 na katika Ubuntu mwezi Oktoba 2022, nalo limekuja kwa utulivu zaidi, kwa kuwa makosa mengi yalikuwa yamekwisha kusafishwa na mtangulizi wake.

Chini ya tabaka hizo vifaa vyenyewe vilikuwa vimebadilika tena, Intel ilipoondoa AC'97 na kuleta mwaka 2004 kanuni ya HD Audio, ambayo ndiyo inayopatikana katika sehemu kubwa ya kompyuta za mitumba. Katika kanuni hii kodeki, mara nyingi ya Realtek ya Taiwan, ina miguu kadhaa inayoweza kuwa tundu la maikrofoni, tundu la masikioni au spika ya ndani, kwa kadiri mtengenezaji wa kompyuta alivyounganisha, na mtengenezaji anatakiwa kuandika katika BIOS, programu ya awali inayoamsha mashine, kila mguu umeunganishwa na nini. Wengi waliandika ovyo, kwa sababu drayva yao ya Windows ilikuwa na masahihisho yake ndani na kosa halikuonekana. Linux, isiyokuwa na masahihisho hayo, iliamini kilichoandikwa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, na panaweza kuonekana kwa macho: faili ya maandishi /proc/asound/card0/codec#0 inaorodhesha kila mguu wa kodeki pamoja na maelezo yake, na mguu wenye namba 0x90170110 ni spika iliyofungwa ndani ya mashine, ilhali mguu wenye 0x411111f0 umetangazwa kuwa haujaunganishwa na kitu. Kompyuta ikiwa na spika inayoonekana kwa macho na mchoro unaosema haipo, fundi amekwisha kupata ugonjwa. Programu iitwayo hdajackretask humruhusu kuandika upya mchoro huo bila kugusa pasi ya kulehemu.

Anayeufuata utaratibu wa mafundi redio hahitaji kujifunza mantiki mpya. Huanza chini kwa kuangalia /proc/asound/cards au kuendesha amri ya aplay -l ili ajue kama kiini kimeiona kadi. Kisha hufungua mifereji katika alsamixer. Kisha huendesha speaker-test huku akiitaja kadi yenyewe, ili mvumo upelekwe moja kwa moja kwa ALSA bila kupitia seva. Jaribio hilo la mwisho lina kazi ile ile ya bisibisi kwenye mguu wa volyumu: mvumo ukisikika, kila kitu kuanzia ALSA hadi spika ni kizima na kosa liko juu, katika PulseAudio au PipeWire, ambako mara nyingi hugundulika kwamba sauti inapelekwa kwenye HDMI, waya wa kioo cha televisheni ambacho hakipo, kwa sababu tu kodeki ya HDMI ilihesabiwa kwanza. Anayekimbilia kuweka mfumo mwingine kabla ya hatua hizo anairudisha desturi ya kupiga Windows mahali isipohitajika, na kwa kawaida huukuta ukimya ule ule ukimngoja.

Umbali wa Songea ulibaki na nafasi katika jambo moja. Kompyuta mpakato za kuanzia mwaka 2018 hivi, hasa zenye maikrofoni za kidijitali, hupitisha sauti katika prosesa ndogo ya pembeni inayohitaji kupewa programu yake kila inapowashwa, na Intel ilichangia kazi ya kuiweka wazi programu hiyo chini ya mradi wa Sound Open Firmware. Mkusanyo wa Linux usiobeba faili hizo huonyesha kifaa cha bandia badala ya kadi, na dawa yake iko katika intaneti, ambayo huenda nayo haipatikani kwa sababu kadi ya Wi-Fi ya mashine hiyo inangoja faili za aina hiyo hiyo. Debian, kwa mfano, ilianza kuziweka ndani ya diski yake rasmi ya usakinishaji katika toleo la 12, mwezi Juni 2023. Njia ya mkato inayotumika ni simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB, ambayo Linux huipokea kama mtandao bila kudai drayva, na bando dogo hutosha. Kuna kejeli kidogo hapo, kwa kuwa Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux na sauti yake kwa kawaida hupitia ALSA, kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba Linux haina sauti anaweza kuwa anaongea hayo huku Linux nyingine ikiita mfukoni mwake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi sehemu kubwa ya prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Mashine zilizoachwa nyuma na sharti hilo ni zile zile ambazo sauti yake ni ya HD Audio ya zamani, isiyohitaji faili za pembeni, na ambayo kodeki zake zimekuwa zikirekebishwa katika ALSA kwa zaidi ya muongo mmoja, kiasi kwamba nyingi husema mara tu zinapowashwa. Zinazoleta taabu ni kompyuta ndogo za bei nafuu zenye prosesa za Atom za kati ya 2013 na 2016, ambazo nyingi hupitisha sauti kwa waya wa ndani uitwao I2S na hazimo katika utaratibu wa HD Audio, na kwa hizo fundi hulazimika kuitambua kodeki yake na kuhakikisha kwamba faili za usanidi zinazolingana nayo zimo katika mkusanyo anaoutumia, kabla hajapatana bei na mteja.